Akiba ya Chakula Nyumbani: Funzo la Ziwa Lililofungwa

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa kaya za Mwanga, Ujiji na Kibirizi, ambako dagaa na migebuka ni kitoweo cha kila siku, miezi hiyo mitatu ilionyesha umuhimu wa kuwa na akiba ya chakula nyumbani.

Hesabu yake si ngumu. Mtu mzima akikadiriwa gramu 400 za nafaka na gramu 60 za maharage kwa siku, kaya ya watu sita huhitaji takribani kilo 216 za nafaka na kilo 32 za maharage kwa siku 90. Dagaa waliokaushwa juu ya vichanja, mbali na mchanga, hutunzwa kwanza kwa ajili ya wajawazito na watoto wadogo.

Hata hivyo, ghala lililojaa laweza kuleta maradhi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kutokana na sumukuvu na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa nyumbani. Sumu hiyo hutokana na kuvu wanaoota penye unyevu. Haionekani kwa macho, haiishi kwa kuosha wala kwa kupika, nayo hushambulia ini. Kiasi kidogo kinacholiwa kwa miaka mingi huchangia saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kinga huanzia kwenye kukausha. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, kisha yapimwe: konzi moja itiwe katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, itikiswe na kuachwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yarudishwe juani. Hata isiponata, siku moja zaidi ya jua haina hasara, kwani kiwango salama ni unyevu usiozidi asilimia 13. Baada ya hapo yafungwe katika mifuko ya kinga njaa, ambayo huwanyima dumuzi hewa, na kuwekwa juu ya chaga, mbali na ukuta.

Muhogo mchungu nao usipunguziwe siku za kulowekwa kwa sababu ya njaa. Wakati wa ukame wa mwaka 1985 wilayani Tarime, njia ya mkato katika kuandaa muhogo mchungu ilileta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona.

Mhudumu wa afya akipokea watu kadhaa wa kaya moja wenye macho ya manjano, kutapika na tumbo kujaa, aulize walikula nini, ahifadhi sampuli ya unga na kutoa taarifa kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Nayo familia ikumbuke kwamba mahindi yaliyoota ukungu hayafai kwa ugali, kwa pombe, wala kwa kuku.