Istilahi za Ulinzi wa Duka: Udokozi, Mlinzi na Kamera

Mwalimu mmoja wa somo la biashara katika Kisiwa cha Mafia ametuletea swali ambalo tumeona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Wanafunzi wake hucheza mchezo wa kompyuta wa kuendesha duka. Mchezaji hupanga bidhaa, huweka bei, na mali ikianza kupotea huajiri walinzi na kununua kamera. Mwalimu alipojaribu kuyatia maelezo ya mchezo huo katika Kiswahili, alijikuta akimwita "mwizi" kila mteja aliyetiliwa shaka. Anauliza: je, hatuna neno jingine?

Uhaba huu una sababu. Duka tulilolizoea, Kilindoni kama kwingineko nchini, ni lile ambalo muuzaji husimama nyuma ya meza, aghalabu nyuma ya nondo, na mteja hagusi kitu mpaka apewe. Katika duka la namna hiyo ni vigumu mteja kuchukua kitu kisirisiri. Ni katika duka la kujihudumia, ambamo mteja huchukua bidhaa mwenyewe rafuni na kwenda kulipa karibu na mlango, ndipo dhana hii inapojitokeza. Lugha haikuwa na neno maalumu kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa nadra.

Hata hivyo, kabla ya kukopa yatupasa kutazama akiba yetu wenyewe. *Kupora* na *kunyang'anya* ni kuchukua kwa nguvu. *Kukwapua* ni kunyakua kwa ghafula na kukimbia. *Kuchopoa* ni kutoa kitu mfukoni au mkononi mwa mtu. *Kudokoa* ni kuchukua kidogo kidogo kwa siri, kama mtoto adokoavyo nyama chunguni. Neno hili la mwisho lina sifa tunazozitafuta: usiri, udogo wa kitu, na mtendaji aliye mahali ambapo ameruhusiwa kuwapo. Kwa hiyo twapendekeza *udokozi wa dukani* kwa kitendo, na *mdokozi* kwa mtendaji.

Lakini mfasiri asisahau kwamba mbele ya sheria udokozi ni wizi. Kifungu cha wizi katika Kanuni ya Adhabu hutazama nia ya udanganyifu na kutokuwa na haki juu ya kitu, wala hakisemi kwamba kitu kidogo hakiibiwi. Katika hati za mahakama na za polisi, basi, neno libaki *wizi*.

Jambo zito zaidi ni jina la mtu. *Mshukiwa* ni yule anayetiliwa shaka tu. *Mtuhumiwa* ni yule aliyetajwa kuwa ametenda. *Mshtakiwa* ni yule aliyefikishwa mahakamani. *Mwizi* ni yule ambaye hatia yake imethibitika. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), yakataza aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya hatia kuthibitika. Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Katika miji yetu ukelele mmoja wa "mwizi!" umepata kukusanya umati, na watu wameuawa kabla ya polisi kufika. Mwanafunzi azoeapo kumwita mwizi kila anayeonekana katika kioo cha kamera, twamfunza kutoa hukumu kabla ya ushahidi. Katika mchezo huo aitwe *mshukiwa*.

Kuhusu walinzi, *bawabu* hushika mlango, *askari* huelekea kuwa mtumishi wa dola, na *mgambo* ana taratibu zake. Neno pana na lifaalo ni *mlinzi*. Mlinzi wa duka si polisi: chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, raia aliyemkamata mtu hana budi kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Maelezo yaseme kwamba mlinzi "humzuia mshukiwa na kumkabidhi kwa polisi", yasiseme "humwadhibu".

*Kamera* limekwisha kutoholewa na halina haja ya kubadilishwa. Kwa kuwa *usalama* ni hali na *ulinzi* ni kazi, twapendelea *kamera ya ulinzi*. Isichanganywe na *kamera ya siri*. Ya dukani huwekwa ionekane, ili mwenye nia mbaya aghairi. Tena, picha inayomtambulisha mteja ni taarifa binafsi, nayo yaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Basi mlangoni pawekwe *ilani* iliyo wazi: "Duka hili lina kamera za ulinzi."

Mwisho ni tofauti baina ya hesabu ya daftari na mali iliyopo rafuni. Hiyo tuiite *upungufu wa mali*, tusiite wizi. Unga huweza kulowa chomboni kati ya Nyamisati na Kilindoni, karani huweza kukosea hesabu, na mtumishi mwenyewe huweza kuiba, kosa ambalo Kanuni ya Adhabu imelitengea kifungu chake. Anayeona upungufu na kumtazama mteja peke yake, kamera yake imeelekezwa upande mmoja.

Haya ni mapendekezo. Walimu na wafasiri wenye maneno bora zaidi, hasa kutoka katika lahaja za visiwani, wanaombwa watuletee.