Mafuta ya Harufu kwenye Kitanda cha Mugonjwa

Masomo: Yakobo 5:14, Kutoka 30:22-33, Luka 10:34

Kisha mafundisho juu ya kuombea wagonjwa, wengi wenu waliuliza jambo moja: muchungaji, ni mafuta gani tunaweza kupeleka hospitali? Tunajibu kwa maandishi ili kila mutu aweke karatasi hii ndani ya Biblia yake, sababu kichupa kidogo kinaweza kufariji mugonjwa na kinaweza pia kumuumiza.

Tutofautishe kwanza mafuta ya namna mbili yenye watu wanachanganya. Mafuta yenye Yakobo anataja ni mafuta ya kawaida, ya mizeituni, yenye watu wa wakati ule walitumia kwa kupika, kwa taa na kwa kupaka mwili. Mafuta yetu ya karanga ni ndugu yake. Lakini vile vichupa vyenye kuuzwa katika farmasi, sokoni, na wakati mwingine kwenye mulango wa kanisa, vyenye kuandikwa « huiles essentielles », ni kitu kingine kabisa. Majani yanapitishwa ndani ya mvuke wa maji ya moto, mvuke unabeba harufu, kisha unapozwa na mafuta yanabaki juu ya maji. Kilo 100 ya majani ya mukaratusi inatoa kilo 1 ao 2 tu ya mafuta. Muti ule ule wenye mama zetu hapa Lubumbashi wanachemsha majani yake wakati wa mafua, ukiingia ndani ya kichupa umekuwa dawa kali. Vilevile karafuu ya Pemba, yenye wanakamulia mafuta kule Wawi: tone moja linatuliza jino, lakini mutoto akiyakunywa, maini yake yanaweza kuharibika.

Watu wamoja wananiambia: « Muchungaji, Mungu mwenyewe aliamuru mafuta yenye harufu. » Ni kweli. Basi tusome vizuri Kutoka 30. Manemane shekeli 500, mudalasini 250, kane 250, kida 500, na vyote vikachanganywa ndani ya hini moja ya mafuta ya mizeituni, kwa kazi ya fundi mwenye kujua. Kila kitu kina kipimo, na harufu inatiwa ndani ya mafuta ya kawaida, haipakwi yenyewe. Tena Mungu alikataza kuyamwanga ovyo kwenye mwili wa mutu yeyote. Sisi tunapenda kutaja sura hii, lakini vipimo vyake tunaviruka.

Sasa tuingie hospitali. Iwe Sendwe, iwe Kliniki za Chuo Kikuu, iwe kituo cha afya cha Katuba ao cha Kenya, munajua maisha ya huko: jamaa mumoja analala karibu na mugonjwa, anapika, ananunua dawa, anafua. Huyo garde-malade ndiye anapokea wageni wa kanisa, na ndiye nataka asikie haya.

Hatari kubwa iko kwa watoto. Mafuta ya mukaratusi, ya menta na ya kamfori, pamoja na pomadi kali zenye vitu hivi, haifai kabisa kupaka karibu na pua ya mutoto mwenye hajatimiza miaka 2. Muzazi anafikiri anafungua kifua, kumbe koo linaweza kujifunga na pumzi kukatika. Kamfori inaweza kuleta degedege, hata kwa mutoto mwenye hakuwa nalo mbele. Mwaka wa 2011 shirika la dawa la Ulaya lilitoa shauri kwamba dawa za kutia nyuma zenye vitu hivyo zisipewe watoto chini ya miezi 30, wala wale waliowahi kupata degedege sababu ya homa. Na kwa mutoto muchanga, musitie kitu kama hicho kwenye kitovu. Kuna watoto wanaozaliwa na damu yenye kuvunjika upesi, na hapa Afrika ni wengi. Kule Nijeria waganga waliona macho ya watoto wachanga kuwa ya manjano kisha kupakwa menta kwenye kitovu. Umanjano huo ukizidi unaharibu ubongo.

Jambo la pili ni oksijeni. Mutu akiwa na mupira wa oksijeni puani, musimupake mafuta yoyote usoni, hata ya mizeituni, hata yenye kuombewa. Mahali penye oksijeni nyingi, cheche ndogo inakuwa moto mukubwa, na mafuta yanausaidia. Mushumaa usikaribie. Na mukono wenye mafuta usiguse kifungulio cha chupa ya oksijeni.

Kumbuka tena kwamba katika chumba cha vitanda nane, harufu yako ni harufu ya wote. Ile yenye inamufurahisha mama yako inaweza kufunga kifua cha jirani mwenye asma, ao kutapisha mwanamuke mwenye mimba. Uliza.

Je, harufu haina faida yoyote? Inayo, lakini ndogo. Kuna hospitali za Ufaransa na Uingereza zenye mainfirmie waliofundishwa wanatia tone moja la lavanda kwenye pamba na kuiweka karibu na mugonjwa mwenye hofu ao mwenye kukosa usingizi. Wengine wanatumia menta kwa kichefuchefu kisha operesheni. Mugonjwa anatulia kidogo, na kutulia ni kitu. Lakini harufu haiui malaria, haikaushi kidonda cha sukari. Mwenye kukuambia uache serumu sababu ya kichupa chake, yeye anatafuta franka zako.

Ikiwa infirmie amekubali na mugonjwa ni mutu muzima, kipimo ni hiki: matone 6 ndani ya mililita 30 ya mafuta ya kawaida, ndiyo vijiko 2 vya supu. Kwenye mukono ao muguu wenye ngozi nzima. Si kwenye kidonda, si karibu na macho, si mahali sindano ya serumu imeingia. Mwenye kifafa aachiwe harufu hizi kabisa. Na hakuna kunywa. Yakobo anasema kupaka. Sijui ni nani alituletea mambo ya kunywesha.

Kwa maombi, mimi natumia mafuta ya mizeituni yasiyo na harufu. Nanawa mikono, naomba ruhusa, natia tone moja kwenye kipaji cha uso, ao kwenye mukono ikiwa kuna oksijeni, kisha nanawa tena. Yakobo anaweka wokovu wa mugonjwa kwenye maombi ya imani, hakutaja ukubwa wa chupa. Na yule Musamaria, alipokwisha kumwanga mafuta na divai kwenye vidonda, hakusema kazi imekwisha: alimubeba mutu yule mpaka mahali pa kutunziwa, akatoa dinari 2, akaahidi kulipa yenye kubaki. Makundi ya kutembelea wagonjwa, mukichangia pesa za kununua kichupa, muulize kwanza kama jamaa imepata pesa za dawa.

Mutoto akikunywa mafuta haya nyumbani, hata kijiko kidogo kimoja cha mukaratusi, musingojee kuona dalili. Musimutapishe, sababu mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Musimupe maziwa wala mafuta ya mawese ya « kuua sumu ». Mumupeleke hospitali mara moja, usiku hata mvua ikinyesha, na mubebe kichupa chenyewe ili munganga asome jina.