Je, Wajua? Tai Hulikwepa Ziwa

Kwamba tai na mwewe wanaohama hawapendi kukatiza maji mapana? Si woga. Ndege hawa wazito huokoa nguvu kwa kubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya maji hewa hiyo ni haba. Kwa hiyo hufuata ukingo wa maji, wakasongamana. Huko Batumi, Georgia, kati ya Bahari Nyeusi na milima, wahesabu ndege wamekuwa wakikaa vilimani tangu 2008. Msimu mmoja huweza kupitisha ndege zaidi ya 1,000,000.

Watu huhesabuje kundi linalozunguka kama vumbi la kimbunga? Hawahesabu likizunguka. Husubiri lifike juu kabisa, ndege waanze kuteleza kwa mstari, ndipo kidude cha mkononi kinabofywa: kumi, ishirini, thelathini.

Kwetu Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 670 hivi, limelala kaskazini-kusini; aendaye kusini halazimiki kulikata. Ila kozi wa Amur, asiyefika hata gramu 200, hajali maji mapana. Hutoka Siberia na kaskazini mwa China, huvuka Bahari ya Hindi kutoka India, kisha hutua Afrika Mashariki wakati wa mvua, kumbikumbi wakitoka. Karamu tayari!

Ukiwa kilimani Mutoyi, Gitega, usihangaike alfajiri: ardhi bado baridi. Inua macho kuanzia saa nne asubuhi, na vifaranga uwafunike.