Bomba la moshi likilipuka, iache kwanza kabureta

Pikapu kuukuu ya petroli ikianza kupiga baruti kwenye bomba la moshi, bisibisi ya fundi hukimbilia kabureta. Skrubu ya mchanganyiko inazungushwa, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapandishwa, kelele inapungua siku mbili tatu, kisha inarudi palepale. Msimamo wangu ni kwamba kabureta ifunguliwe mwisho. Mlipuko kwenye bomba maana yake petroli imetoka kwenye silinda bila kuungua, ikawakia nje ilipokuta joto na hewa. Kinachotafutwa ni sababu ya kutoungua ndani, na mara nyingi sababu hiyo iko kwenye umeme au kwenye vali.

Chukua 2F ya Toyota, injini ya silinda sita ya lita 4.2 iliyofungwa kwenye Land Cruiser kuanzia 1975. Kabla ya kushika spana, sikiliza inalipuka wakati gani. Na hakikisha sauti inatoka nyuma kweli: injini inayotemea juu, kupitia kabureta, ina ugonjwa mwingine, kwa kawaida upungufu wa petroli, vali ya kuingizia isiyofunga au waya za plagi zilizopishana.

Ikilipuka pale tu unapoachia mafuta ukiwa kwenye gia mteremkoni, usihangaike haraka. Kabureta imefungwa, mchanganyiko unaoingia ni kidogo mno kuwaka vizuri, na mabaki yake hufika kwenye bomba. Mlio hafifu ni kawaida kwa injini za aina hii. Ukiwa mkali, tafuta mahali bomba linapovuta hewa. Kwenye 2F, manifoldi ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja na hutumia gasketi moja, na kona zake hupenda kuachia. Washa injini ikiwa baridi, msaidizi azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, nawe pakaza maji ya sabuni kwenye maungio. Povu litakuonyesha.

Ikilipuka kwa mpigo unaojirudia ikiwa silensa, kuna silinda moja isiyofanya kazi. Chomoa waya za plagi mojamoja kwa koleo yenye mpira, ukiugusisha kila waya kwenye chuma cha injini. Ile ambayo ukiichomoa mlio wa injini haubadiliki ndiyo mgonjwa. Kisha shika karatasi kwenye mdomo wa bomba: ikisukumwa nje muda wote, vizuri; ikivutwa ndani mara kwa mara, shuku vali ya moshi.

Hapa ndipo injini nyingi huuawa. Madereva hulalamikia tapeti zinazogonga, na fundi, ili kumridhisha mteja, huzibana hadi zinyamaze. Lakini tapeti inayogonga kidogo haiunguzi vali. Ya kuogopwa ni iliyokaza, kwa sababu vali ya moshi hupoza kichwa chake inapokalia kiti chake; ikizuiwa kukaa, inaungua ukingoni na kupitisha moto. Kwa 2F, injini ikiwa ya moto, nafasi ni milimita 0.20 kwa vali za kuingizia na 0.35 kwa za moshi. Kiti kinavyolika, nafasi hiyo hupungua yenyewe bila kelele yoyote, kwa hiyo ukimya wa tapeti usikutulize.

Ikilipuka unapopanda mlima au ukiwa na mzigo, nenda kwenye umeme. Pointi zilizoungua, kondensa iliyochoka, kifuniko cha distribyuta chenye ufa, waya za plagi zinazovuja. Kondensa ni ya bei ndogo, na ndiyo ninayoishuku mapema kuliko vyote. Nafasi ya pointi ni milimita 0.45, na mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Pima taimingi kwa taa: kigololi kidogo kilichopachikwa kwenye flaiwili huonekana kupitia kidirisha cha nyumba yake, nacho huonyesha digrii 7 kabla ya pistoni kufika juu. Taimingi ikichelewa, moto huwa bado unawaka vali ya moshi inapofunguka, na manifoldi inaweza kugeuka nyekundu.

Yote hayo yakiwa sawa, sasa fungua kabureta. Plagi zenye masizi meusi makavu zinaonyesha petroli imezidi: choki imekwama, boya limekaa juu, au sindano yake haifungi. Kumbuka mwinuko pia. Kabureta iliyopimwa Mombasa humwaga petroli nyingi kupita kiasi Nairobi, kwenye mita takriban 1,700, kwa sababu hewa huko ni nyepesi. Geji ya vakiumu inayosoma inchi 18 pwani itasoma kama 13 huko juu kwenye injini ileile nzima, na mafundi wamewahi kufungua injini bure kwa kutolijua hilo.

Liko jambo moja linaloniuma. Kuna madereva wanaozima swichi mteremkoni gari likiwa kwenye gia, wakidhani wanaokoa petroli. Injini inaendelea kuzunguka, na kama swichi ya umeme inayokata petroli kwenye kabureta imekwama ikiwa wazi, bomba zima linajaa mchanganyiko usioungua. Wakiwasha tena chini ya mlima, cheche ya kwanza inaweza kulipasua bomba kutoka mshono hadi mshono.