Minyororo Ilikatwa, Ardhi Haikutolewa

Tukiitazama historia ya Marekani, tunaona kuwa utumwa ndio uliolipasua taifa hilo. Mwaka 1860 watumwa walikaribia milioni 4, wengi wakilima pamba huko Kusini. Abraham Lincoln, aliyepinga utumwa kuenezwa katika maeneo mapya ya magharibi, alipochaguliwa mwaka huo, majimbo ya Kusini yalianza kujitenga, hatimaye yakafika 11. Vita vikapiganwa kuanzia 1861 hadi 1865, na wanajeshi zaidi ya 600,000 wakafa.

Desemba 1865 katiba ikaukomesha utumwa. Walioachwa huru wakatambuliwa kuwa raia mwaka 1868, na mwaka 1870 wanaume wao wakapewa kura. Lakini tunauliza: walikuwa huru wa kula nini? Januari 1865 Jenerali Sherman aliamuru wagawiwe mashamba katika pwani ya Kusini, yasiyozidi ekari 40 kwa familia. Kabla ya mwaka kwisha Rais Andrew Johnson akaamuru wenyewe wa zamani warudishiwe. Wengi wakabaki kulima ardhi ya mabwana kwa kugawana mavuno, wakizama katika madeni. Mwaka 1877 majeshi ya serikali kuu yakaacha kuwalinda, na hata kura ikaporwa.

Funzo tunalolipata ni kuwa kumfungua mtu minyororo ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kumpa pa kusimama.