Sindano ya Steroidi Mgongoni: Hatari Ijayo Mgonjwa Akisharudi Nyumbani

Mgonjwa wa Kibaha au Kisarawe ambaye neva iliyobanwa humpa maumivu kutoka kiunoni hadi mguuni huweza kupewa rufaa kwenda Dar es Salaam. Huko huenda akachomwa sindano ya steroidi karibu na neva hiyo ili kupunguza uvimbe, kisha akarejea nyumbani siku hiyohiyo. Wengi hawapati dhara kubwa. Lakini baadhi ya madhara adimu hujitokeza baada ya siku au wiki kadhaa, na wa kwanza kuyaona si daktari aliyechoma, bali mhudumu wa zahanati ya jirani.

La kuogopwa zaidi ni maambukizi. Vijidudu vikipenya pamoja na sindano, usaha hujikusanya taratibu na kuukandamiza ugwe mgongo, yaani mkanda wa neva ushukao kutoka kwenye ubongo. Homa yaweza kuwa ndogo au isiwepo kabisa, kwa kuwa steroidi huificha. Nchini Marekani mwaka 2012, dawa ya methiliprednisoloni iliyoingiwa na fangasi ilipotengenezwa iliwadhuru watu zaidi ya 750, na zaidi ya 60 walifariki. Baadhi yao dalili zilichelewa kwa wiki nyingi.

Kwa atumiaye warfarini, damu yaweza kuvujia ndani ya mfereji wa uti wa mgongo na kuleta kupooza ndani ya saa chache. Mwenye kisukari hupandwa na sukari kwa siku kadhaa. Lipo pia jambo ambalo halina budi kuulizwa kabla ya sindano, ingawa wagonjwa wengine huona haya kulitaja: matumizi ya ARV zenye ritonaviri. Dawa hiyo hulizuia ini kuivunja triamsinoloni, hivyo steroidi hudumu mwilini kwa wiki nyingi, uso huvimba, na tezi za adrenali huacha kufanya kazi yake.

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, shingo kukakamaa, miguu kulegea, ganzi sehemu za siri au mkojo kuziba: mgonjwa wa namna hiyo hapewi diklofenaki na kuambiwa arudi wiki ijayo. Apelekwe siku hiyohiyo palipo na kipimo cha MRI, kwani eksirei ya kawaida haionyeshi usaha ulioanza karibuni. Barua ya rufaa iandikwe tarehe ya sindano na jina la dawa iliyochomwa.