Tab au Nafasi Nne? Ya Kweli na Yasiyo Kweli Kuhusu Kujongeza Msimbo

Kujongeza ni kuusogeza mstari wa msimbo ndani kidogo ili msomaji aone kwamba uko chini ya mwingine: amri hii imo ndani ya sharti lile, na sharti lile limo ndani ya kitanzi hiki. Wapo wanaobonyeza kitufe cha Tab, wapo wanaopiga nafasi mbili, wapo wa nafasi nne. Timu nyingi za programu zimegombana juu ya jambo hili, na katika ugomvi huo yamezaliwa madai yanayosemwa kwa uhakika mkubwa kuliko yanavyostahili. Haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara.

"Ni pambo tu, kompyuta haijali."

Si kweli. Katika Python, lugha aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, hakuna mabano ya kufungua na kufunga fungu la amri. Ujongezaji wenyewe ndio unaosema fungu linaanzia wapi na linaishia wapi. Usogeze mstari mmoja kushoto, na programu inaweza kufanya jambo jingine kabisa. Python 3 hukataa kuendesha faili lililochanganya Tab na nafasi kwa namna inayoleta utata. YAML, ambayo wengi wetu tunaitumia kuandikia mipangilio ya seva, hairuhusu Tab kwenye ujongezaji. Makefile inadai kinyume chake: amri zake, kwa kawaida, lazima zitanguliwe na Tab. Stuart Feldman, aliyeitunga programu ya make, inayosoma Makefile, kule Bell Labs mwaka 1976, alieleza baadaye kwamba alipotambua usumbufu huo alikuwa tayari na watumiaji wapatao kumi na wawili, naye hakutaka kuwavurugia kazi. Kwa ajili ya watu wachache hao, vizazi vya waandishi wa programu vimeendelea kuhangaika na kosa lisiloonekana kwa macho.

Kwa C, Java au JavaScript, kweli mashine haijali. Lakini msimbo husomwa na watu pia, na watu huamini umbo. Februari 2014 Apple ilitoa kwa haraka toleo la 7.0.6 la iOS kwa sababu, katika msimbo unaohakiki saini ya seva kwenye mawasiliano salama, mstari "goto fail;" ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo. Wa kwanza ulikuwa chini ya sharti. Wa pili haukuwa chini ya sharti lolote, maana hapakuwa na mabano, lakini ulijongezwa sawasawa na wa kwanza. Jicho liliona mistari miwili iliyomo ndani ya sharti moja. Mashine iliutekeleza ule wa pili kila mara ulipofikiwa, ikaruka uhakiki uliobaki, kisha ikarudisha jibu kwamba hakuna kosa. Mtu aliyeweza kuingia kati ya simu na intaneti, kwa mfano kwenye Wi-Fi ya mgahawa, angeweza kujifanya ndiye benki yako.

Ujongezaji haukulizaa kosa hilo, ila ulilificha. Miaka miwili baadaye kompaila ya GCC, katika toleo la 6, ilianza kutoa onyo pale ujongezaji unapopotosha maana ya msimbo. Ndiyo sababu siukubali usemi wa "pambo tu". Umbo la msimbo ni kauli ambayo mwandishi anamwambia mwenzake, na kauli hiyo inaweza kuwa ya uongo.

"Utafiti umeshathibitisha idadi bora ya nafasi."

Haujathibitisha. Mwaka 1983 jarida la Communications of the ACM lilichapisha jaribio ambalo wasomaji walipewa msimbo uliojongezwa kwa viwango tofauti, na walielewa vizuri zaidi palipokuwa na nafasi mbili hadi nne. Jaribio hilo limetajwa sana. Lakini watafiti wengine waliporudia swali hilo mwaka 2019, safari hii wakifuatilia na mwendo wa macho ya wasomaji, hawakuona tofauti ya maana kati ya viwango walivyovipima. Anayeingia kikaoni akidai kwamba sayansi iko upande wake katika mbili dhidi ya nne anatia chumvi.

Upana una kazi nyingine, lakini. Mwongozo wa uandishi wa kiini cha Linux, uliotoka kwa Linus Torvalds, unataka ujongezaji wa upana wa herufi nane, na hoja yake inanivutia: upana mkubwa huukimbiza msimbo uliozama mno kwenye ukingo wa kulia, ukamwonya mwandishi. Ukihitaji zaidi ya ngazi tatu, mwongozo unasema, irekebishe programu yako.

"Wanaotumia nafasi hulipwa zaidi."

Takwimu ni za kweli. Hitimisho ndilo lenye shaka. Utafiti wa Stack Overflow wa mwaka 2017 ulionyesha mshahara wa kati wa dola 59,140 kwa wanaotumia nafasi na dola 43,750 kwa wanaotumia Tab, na pengo halikuisha hata baada ya kuzingatia nchi, uzoefu na lugha ya programu. Hakuna aliyeonyesha kwamba kubadili kitufe humwongezea mtu mshahara. Tusonge mbele.

"Ni suala la ladha, halimuumizi mtu."

Dai hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa kuwa husemwa na watu wenye macho mazima. Mwandishi wa programu asiyeona anaweza kuusoma msimbo kwa vidole kwenye kifaa cha nukta nundu, ambacho mara nyingi huonyesha seli 40 tu kwa wakati mmoja. Mstari ulio ngazi ya tatu, ukijongezwa kwa nafasi nne nne, unakula seli 12 kabla ya herufi ya kwanza. Ukijongezwa kwa Tab, na kila Tab ikichukua seli moja, unakula tatu. Mwenye uoni hafifu anayekuza maandishi mpaka yajae skrini naye huweza kuipunguza Tab ikawa na upana wa herufi moja, bila kugusa faili wala kumsumbua mwenzake. Nafasi hazimpi uhuru huo, kwa sababu upana umeshaandikwa ndani ya faili lenyewe. Kwa wanaosikiliza, mambo ni mepesi kiasi: NVDA, kisoma skrini kinachopatikana bure, kinaweza kuwekwa kitaje kiwango cha ujongezaji.

Kwa hiyo nina upande. Kama lugha yenu haina desturi iliyokwisha kukomaa, jongezeni kwa Tab. Kwenye Python, ambako mwongozo wa PEP 8 umekuwa ukipendekeza nafasi nne tangu 2001 na karibu kila mtu anazifuata, fuateni nafasi nne. Ila kwanza muulizeni kila mwanatimu anasoma msimbo kwa njia gani.

"Lazima kila mtu aridhike kwanza."

Hapana, na timu inayosubiri hilo itasubiri sana. Google ilipoitangaza lugha ya Go mwaka 2009, watunzi wake waliukomesha mjadala kwa kutoa pamoja nayo programu iitwayo gofmt. Unaandika upendavyo, gofmt inapanga yote upya kwa mtindo mmoja, wa Tab, bila kukupa mipangilio ya kuchezea. Rob Pike, mmoja wa watunzi hao, amekiri kwamba mtindo wenyewe si kipenzi cha mtu yeyote, ingawa kila mtu anaipenda gofmt. Wengine wakafuata njia hiyo: Prettier ya James Long kwa JavaScript mwaka 2017, Black ya Łukasz Langa kwa Python mwaka 2018.

Faida kubwa ninayoiona iko kwenye mapitio ya msimbo. Kijana aliyeanza kazi juzi akipokea maoni kumi, manane yakiwa ya nafasi na mabano, atajifunza kwamba mapitio ni mahali pa kusutwa. Mashine ikiyachukua hayo manane, mkubwa wake anabaki na mawili yanayohusu kazi yenyewe.

"Kuupanga upya msimbo wa zamani huharibu historia yake."

Ilikuwa kweli zaidi zamani. Ukipanga upya mradi mzima, amri ya git blame, inayoonyesha nani aliubadilisha mstari upi na lini, humtaja aliyeendesha kipanga msimbo badala ya aliyefikiria. Git 2.23 ya Agosti 2019 ilileta njia ya kuandika kwenye faili mabadiliko ya kurukwa, na wengi huliita faili hilo .git-blame-ignore-revs. Masharti ni mawili. Upangaji uwe badiliko la peke yake, lisilochanganywa na marekebisho yoyote ya programu. Na ufanyike baada ya kazi zilizo wazi za wenzenu kuunganishwa, la sivyo kila mmoja wao ataamkia migongano asiyoisababisha. Kisha wekeni kwenye mzizi wa mradi faili la .editorconfig, linalovieleza vihariri mtindo wa ujongezaji mliokubaliana, na seva ya majaribio ikatae msimbo ambao haujapitishwa kwenye kipangaji.